Mshika Mbili Moja Humponyoka: Usukani, Simu na Sheria za Majimbo ya Marekani

*Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya mkutano wa watumishi wa Serikali na walimu. Tunayachapisha kwa ukamilifu.*



Nimeombwa nizungumze juu ya usalama barabarani, nami nimeona heri nianze na msemo kabla ya takwimu. Kila unapotokea msiba wa barabarani, kabla hata matanga hayajaisha, hatakosa mtu wa kutuambia kwamba ajali haina kinga. Ni maneno ya kuliwaza, na mwenye kuliwaza halaumiwi. Lakini msemo huo ukitoka msibani ukaingia ofisini, ukawa ndiyo hoja ya mtu mwenye dhamana, hugeuka kuwa pazia. Nyuma ya pazia hilo hujificha dereva aliyekuwa akiandika ujumbe, hujificha mkubwa aliyekuwa akimpigia simu, na hujificha pia sheria iliyotungwa nusu nusu.

Leo nataka tulifunue pazia hilo kidogo, na mfano nitakaoutumia ni wa Marekani. Sikuuchagua kwa kudhani kuwa Wamarekani ni walimu wetu katika kila jambo. Nimeuchagua kwa sababu moja tu. Marekani ina majimbo 50, na sheria za kuendesha magari, kwa sehemu kubwa, hutungwa na Mabunge ya majimbo hayo, kila moja kwa wakati wake na kwa namna yake. Kwa hiyo, katika jambo hili la simu na usukani, nchi hiyo imekuwa kama shamba la majaribio lenye vitalu 50. Kitalu kimoja kimepandwa mapema, kingine kimechelewa, kingine kimepandwa mbegu mbovu. Mkulima mwenye busara hangoji mpaka apate hasara yeye mwenyewe. Hutazama shamba la jirani akajifunza.

Jimbo la kwanza kuwakataza madereva wote kuzungumza huku wameshika simu mkononi lilikuwa New York. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwezi Novemba mwaka huo huo. Siku zile simu ilikuwa chombo cha kusemea tu. Ujumbe wa maandishi ulikuwa haujashamiri kule. Miaka sita baadaye, mwaka 2007, jimbo la Washington, lile la pwani ya magharibi, likawa la kwanza kupitisha sheria ya kumkataza kila dereva kuandika na kusoma ujumbe, na sheria hiyo ikaanza kutumika Januari 2008. Baada ya hapo majimbo mengine yakafuata kama siafu. Hadi kufikia mwanzo wa mwaka 2025, majimbo 49 yalikuwa na katazo la kuandika ujumbe kwa madereva wote, na jimbo moja tu, Montana, lilikuwa halina sheria ya namna hiyo kwa jimbo zima. Kiasi cha majimbo 30 yalikwisha kwenda mbele zaidi, yakakataza hata kuishika simu mkononi.

Mtu akiitazama orodha hiyo juu juu atasema kazi imekwisha. La hasha! Kwa hesabu za idara ya Serikali kuu ya Marekani inayosimamia usalama wa barabara kuu, mwaka 2023 watu 3,275 waliuawa katika ajali zilizohusu madereva ambao mawazo yao hayakuwa kwenye uendeshaji. Idadi hiyo inajumuisha kila aina ya upotevu wa makini, si simu peke yake. Lakini ni watu 3,275 katika mwaka mmoja, zaidi ya miaka 20 tangu New York itunge sheria yake. Hatuna budi basi kuuliza: sheria zipo, mbona vifo vipo?

Kabla ya kulijibu swali hilo, tukumbushane kwanza hatari yenyewe ni ya namna gani. Mababu walisema mshika mbili moja humponyoka. Dereva anayeandika ujumbe ameshika mambo matatu: jicho lake liko kwenye kioo cha simu, kidole chake kiko kwenye herufi, na akili yake iko kwa yule anayeandikiana naye. Gari limebaki peke yake. Tufanye hesabu ndogo, na walimu wa hisabati mliopo hapa mnisahihishe nikikosea. Gari linalokwenda kilometa 88 kwa saa hupita mita zipatazo 24 na nusu kila sekunde. Dereva akitazama simu kwa sekunde tano tu, gari lake limekwenda mita zipatazo 122, yaani zaidi ya urefu wa kiwanja cha mpira, toka goli hadi goli, huku mwenye usukani ni kama amefungwa kitambaa machoni. Katika mita hizo 122 anaweza kuwapo mtoto, anaweza kuwapo mwendesha baiskeli, linaweza kuwapo lori lililosimama bila taa.

Uchunguzi wa chuo kimoja kikubwa cha ufundi cha jimbo la Virginia, uliotangazwa mwaka 2009, ulifunga kamera ndani ya malori yaliyokuwa kazini. Ulionyesha kwamba dereva wa lori anayeandika ujumbe yumo katika hatari ya kupata ajali, au kuponea chupuchupu, mara 23 zaidi ya asiyeandika. Nao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah, mwaka 2006, waliwapima madereva katika gari la majaribio, wakawalinganisha waliokuwa wakizungumza na simu na waliokuwa wamelewa kufikia kiwango ambacho sheria za majimbo karibu yote huwakataza kuendesha. Waliona kwamba mzungumzaji wa simu hakuwa na nafuu. Na waliona jambo la pili, ambalo naomba mlikumbuke kwa kuwa nitalirudia: aliyeshika simu mkononi na aliyezungumza bila kuishika, wote wawili walipungukiwa sawasawa. Mkono ulikuwa huru. Akili haikuwa huru.

Sasa nije kwenye swali letu. Naomba niwapeleke katika jimbo la Missouri, kwa sababu habari ya huko ni fundisho kwa mtunga sheria na kwa mwalimu pia.

Tarehe 5 Agosti 1910 hapakuwa na hatari ya namna hii duniani. Miaka 100 baadaye, tarehe 5 Agosti 2010, mabasi mawili ya shule yalikuwa yakipita karibu na mji wa Gray Summit, yamechukua wanafunzi wa bendi ya shule ya sekondari wakienda kujifurahisha. Mbele yao magari yalipunguza mwendo kwa sababu ya matengenezo ya barabara. Kijana wa miaka 19 aliyekuwa akiendesha pikapu aligonga nyuma ya kichwa cha lori. Basi la kwanza likaigonga pikapu, na basi la pili likaligonga basi la kwanza. Kijana yule alikufa, akafa na mwanafunzi mmoja wa miaka 15, na watu 38 wakajeruhiwa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilipochunguza iliona kwamba, katika dakika 11 za mwisho kabla ya ajali, kijana yule alikuwa amepeleka na kupokea ujumbe 11.

Je, Missouri haikuwa na sheria? Ilikuwa nayo! Tangu mwaka uliotangulia, 2009, sheria ya jimbo ilikataza kuandika ujumbe ukiwa unaendesha kwa madereva wenye umri wa miaka 21 na chini. Kijana yule alikuwa na miaka 19. Sheria ilimhusu kabisa, wala haikumzuia.

Tujiulize kwa nini. Sheria ile ilimwambia kijana kwamba jambo hili ni baya kwake, lakini si baya kwa baba yake. Mtoto aliyekaa kiti cha nyuma akamwona mama yake anaandika ujumbe huku anaendesha, kisha akaambiwa kuwa akipata leseni yeye asifanye hivyo mpaka atimize miaka 22, atajifunza nini? Atajifunza kwamba kuandika ujumbe barabarani ni haki ya wakubwa, kama kiti cha heshima, na atakuwa na haraka ya kuipata. Walimu mnajua kuliko mimi kwamba mtoto hafuati neno, hufuata mwendo. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa Missouri ulikuwa na meno upande mmoja tu. Na ilichukua mpaka mwaka 2023, miaka 13 baada ya mabasi yale kugongana, ndipo jimbo hilo likatunga sheria ya madereva wote, na adhabu zake zikaanza kutolewa Januari 2025.

Pengine mtauliza kilichochelewesha. Yalikuwapo mabishano, na si vyema tuyadharau. Jimboni Texas, mwaka 2011, Bunge lilipitisha katazo la kuandika ujumbe, lakini Gavana wa wakati ule, Rick Perry, alilikataa. Alisema Serikali haina kazi ya kuwaongoza watu wazima katika kila tendo dogo, na kwamba dawa ya jambo hili ni elimu. Texas ikakaa mpaka Septemba 2017 ndipo sheria ya jimbo zima ikaanza kutumika.

Hoja ya Gavana ina chembe ya ukweli: Serikali inayoingilia kila kitu huchokwa, na sheria zinazochokwa hazitiiwi. Lakini hoja hiyo imesahau kitu kimoja. Mtu akijikata na jembe lake shambani kwake, ameumia yeye. Barabara si shamba la mtu. Barabara ni mali ya wote, na kila anayeitumia ameweka roho yake mikononi mwa watu asiowajua. Uhuru wa dereva kuandika ujumbe hauwezi kuwa mkubwa kuliko haki ya mtoto ya kuvuka barabara akafika shuleni.

Na hata hiyo elimu anayoisema Gavana, huenda mwalimu wake bora akatoka mahali tusipotazamia. Mwezi Septemba 2006, jimboni Utah, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akiandikiana ujumbe akiwa njiani kwenda kazini alivuka mstari wa kati, akaligusa gari la wanasayansi wawili waliokuwa nao wakienda kazini. Wote wawili walikufa papo hapo. Mwanzoni kijana alikana. Rekodi za simu yake zikasema alichokikataa. Baadaye alikiri kosa, akaenda jela, na pia alisimama mbele ya Bunge la jimbo lake akaeleza alichokifanya. Mwaka 2009 Utah ilitunga sheria kali kuliko majimbo mengi: anayeua kwa sababu ya kuandika ujumbe aliweza kufungwa hadi miaka 15. Kijana yule hakuwafufua waliokufa. Lakini aliacha kujificha nyuma ya pazia la ajali haina kinga, na ushahidi wake ukawa elimu na ukawa sheria kwa pamoja. Tusiyatenganishe mambo hayo mawili.

Ndugu zangu, kosa la pili lililofanywa na majimbo mengi lilikuwa la kutunga sheria isiyoshikika. Nitaeleza.

Majimbo kadhaa yalikataza kuandika ujumbe, lakini yakasema askari asimsimamishe dereva kwa kosa hilo peke yake. Ilibidi kwanza amwone amefanya kosa jingine, kama vile kwenda mbio au kuwa na taa mbovu, ndipo aongeze na la simu. Hata Washington, jimbo lililotangulia, lilianza hivyo mwaka 2008. Florida ilianza hivyo mwaka 2013. Ni sawa na kumwajiri mlinzi ukamwambia: mwizi akipita na ng'ombe usimkamate, ila akikanyaga bustani.

Kisha ukaja ugumu wa ushahidi. Askari anamwona dereva ameinamia simu. Dereva anasema, mimi sikuandika, nilikuwa natafuta namba ya kupiga. Na sheria inakataza kuandika tu. Atajuaje askari? Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba polisi hawawezi kupekua simu ya mtu waliyemkamata bila hati ya mahakama. Uamuzi huo ni mzuri, kwa kuwa simu ya mtu leo ni kama nyumba yake. Lakini uliacha wazi kwamba sheria inayotegemea kujua dereva ameandika nini ni sheria ya kubahatisha.

Mwaka huo huo mahakama ya rufani ya California ilitoa hukumu iliyowashangaza wengi. Dereva mmoja wa Fresno alikwama katika msongamano, akaishika simu yake kutazama ramani apate njia nyingine, akapigwa faini ya dola 165. Mahakama ikamwachia, kwa sababu sheria ya wakati ule ilihusu kuzungumza na kusikiliza, na kutazama ramani si kuzungumza. Mahakama haikukosea, ilisoma maneno yaliyoandikwa. Waliokosea ni waliodhani kuwa simu itabaki chombo cha kusemea milele. Bunge la California likairekebisha sheria, na kuanzia Januari 2017 kushika simu na kuitumia kwa jambo lolote wakati wa kuendesha likawa kosa. Washington nayo ilikwisha kuwaruhusu askari mwaka 2010 kumsimamisha dereva kwa kosa la simu peke yake, na mwaka 2017 ikakataza hata kuishika simu unaposubiri taa ya kijani.

Na matunda ya sheria zile za kwanza, zenye matundu, yalikuwaje? Mwaka 2010 taasisi moja ya mashirika ya bima ilichunguza majimbo manne, California, Louisiana, Minnesota na Washington, ikaona kwamba baada ya katazo la ujumbe madai ya ajali hayakupungua. Na katika baadhi ya majimbo hayo yaliongezeka kidogo. Wachunguzi walihisi sababu yake. Dereva aliyekuwa akiandika huku simu ameiinua juu, akiona barabara kwa pembe ya jicho, sasa aliishusha mapajani ili askari asimwone. Sheria haikumfundisha kuacha, ilimfundisha kuficha. Watumishi wa Serikali, neno hilo tuliandike mahali pa kuonekana, maana linahusu sheria nyingi zaidi ya hizi za barabarani.

Lakini asiwepo wa kutoka hapa akisema sheria hazina faida. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham walitazama hesabu za majimbo 48, toka mwaka 2000 hadi 2010. Katika ripoti yao ya mwaka 2014 walionyesha kwamba pale sheria ilipompa askari uwezo wa kumsimamisha dereva kwa kosa la ujumbe peke yake, vifo vya barabarani vilipungua kwa kiasi cha asilimia 3. Pale askari alipofungwa mkono, upungufu wa maana haukuonekana. Katika nchi inayopoteza makumi ya maelfu ya watu barabarani kila mwaka, asilimia 3 si jambo dogo. Na katika miji ya Hartford, jimboni Connecticut, na Syracuse, jimboni New York, ilifanyika kampeni mwaka 2010 na 2011: matangazo kwa wananchi, pamoja na askari wengi barabarani wakitoa faini kweli kweli. Idadi ya madereva walioonekana na simu sikioni ilishuka kwa asilimia 57 katika Hartford na kwa asilimia 32 katika Syracuse. Sheria iliyoandikwa vizuri, ikaelezwa vizuri na ikasimamiwa sawasawa, inafanya kazi.

Nasema sawasawa kwa makusudi. Kule Marekani wananchi wengi weusi walikuwa na hofu ya haki: kwamba sheria ya kumruhusu askari asimamishe gari kwa kuona simu itakuwa kisingizio kingine cha kuwasumbua wao. Hofu hiyo haikupuuzwa kila mahali. Florida, ilipobadilisha sheria yake mwaka 2019, iliagiza rangi na asili ya kila anayeandikiwa kosa hilo iandikwe. Pennsylvania nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2024, iliyopewa jina la Paul Miller, kijana aliyeuawa mwaka 2010 na dereva wa lori aliyeinyoshea simu mkono. Mama wa marehemu alibisha hodi katika milango ya watunga sheria kwa zaidi ya miaka 10. Sheria hiyo iliagiza kukusanya habari za wanaosimamishwa, na mwaka wake wa kwanza wa kutumika ulikuwa wa maonyo ya maandishi, si wa faini. Wananchi wafahamishwe kwanza, askari naye ahesabiwe. Huo ni mwendo wa haki.

Sasa nifike mwisho wa habari hii, na mwisho wenyewe unatugusa sisi tuliokaa hapa.

Hakuna hata jimbo moja kati ya hayo 50 lililowakataza madereva wote kuzungumza na simu kabisa. Mwezi Desemba 2011, baada ya kuchunguza ajali ile ya Gray Summit, Bodi ya Usalama wa Usafiri ilipendekeza hivyo: dereva asitumie simu, hata ile isiyoshikwa mkononi, isipokuwa kwa dharura. Majimbo hayakuthubutu. Yamekataza mkono; akili yameiachia dhamiri ya mtu. Na hapo ndipo nawakumbusha neno la wale wataalamu wa Utah: mkono huru si akili huru.

Hapo sheria inapoishia, nani anaanzia? Jibu moja lilitolewa tarehe 1 Oktoba 2009, pale Rais Barack Obama alipotoa amri kwa watumishi wa Serikali kuu ya Marekani. Wasiandike ujumbe wakiendesha gari la Serikali, wala wakiendesha gari lao wenyewe kwa shughuli ya Serikali, wala wakitumia chombo walichopewa na Serikali wakati wanaendesha. Amri ile haikungoja majimbo. Mwajiri alianza na nyumba yake.

Nami naomba nianze na nyumba yangu. Dereva wa ofisi yetu ni mzee wa makamo, mtu wa adabu na makini, ambaye katika miaka yake yote ya kazi hajapata kugonga hata kuku. Siku moja nilimtuma mkoani akachukue mwenzetu mmoja. Saa zilikwenda, kurasa zilikuwa zinafungwa, nikampigia. Hakupokea. Nikampigia tena. Hakupokea. Nikampigia mara ya tatu kwa hasira, akapokea. Nikamwuliza, "Mzee, umefika wapi?" Badala ya jibu nilisikia honi ndefu ya lori, kisha kishindo, kisha kimya.

Dakika zile za kimya, ndugu zangu, sitazisahau. Mungu alikuwa mwema. Gari lilikuwa limetoka barabarani likasimama majanini, na wote wawili walikuwa wazima. Jioni aliporudi sikumkuta na lawama. Aliniambia kwa upole, "Mkuu, angekuwa mtu mwingine nisingepokea. Lakini jina lililotokea lilikuwa lako."

Katika sheria zote nilizowasimulia, mwenye kosa pale ni dereva. Ndiye angeandikiwa faini, ndiye angepelekwa mahakamani, ndiye angezikwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, nimeshika mbili, na iliyotaka kuniponyoka ilikuwa roho ya mtu mwingine.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuwaomba. La kwanza ni kwa wenye kuandika kanuni na nyaraka za kazi: ziwe fupi na zishikike. Tuseme simu isishikwe, kuliko kuhesabu ni herufi ngapi zimeandikwa. Na ziwahusu wakubwa kabla ya wadogo. La pili ni kwa walimu: somo hili msilifundishe kama sheria ya polisi. Lifundisheni kama hesabu ya mita 122, na kama adabu ya kuishi na wenzetu. Kisha mwanafunzi atakayekuona unaendesha aone simu yako imelala. La tatu ni kwetu sote tulio na madereva, wake, waume na vijana walioko njiani. Kabla ya kupiga, tuulize: yuko wapi saa hii? Kama yuko kwenye usukani, habari yetu itangoja afike. Na tumwambie wazi, tena mapema, kwamba asipopokea hatakuwa ametuvunjia heshima, atakuwa ametii.

Ofisini kwetu sasa tumekubaliana hivyo. Yule mzee akiondoka huizima simu yake mbele yangu, akaiweka kwenye mkoba, na mimi huandika saa aliyoondoka na saa ninayomtazamia. Mara nyingine huchelewa, nami hukaa na wasiwasi wangu bila kuinua simu. Nimegundua kuwa wasiwasi huo ni mzigo wangu mimi, nao hauna haki ya kupakiwa kwenye gari lake.

Ndugu Mwenyekiti, ajali nyingine kwa kweli hazina kinga. Lakini hii inayo, na kinga yake mara nyingi imo mfukoni mwa mtu aliyekaa mbali sana na barabara.